Wawindaji Tumboni mwa Lwitiko

Heshima ya taifa hili, ndugu wananchi, inakaa chooni kwetu.

Nasema hivyo nikiwa nimesimama wima, mkono kifuani, kama tunavyosimama kila asubuhi mbele ya vyoo vya Shule Maalumu ya Mwanjeka tukisubiri kengele. Ukungu wa milimani umetufunika hadi magotini, meno yanagongana, na juu ya mlango kuna bango lenye rangi za bendera: TOA ULICHO NACHO, OKOA MAISHA. Kengele ikilia, kila mmoja anaingia chumba chake, anagusisha bangili yake kwenye mashine ya ukutani, anakaa, na kulitumikia taifa.

Wengine hatuwezi. Hiyo ndiyo shida ya kulitumikia taifa kwa makande. Asiyetoa mavuno anapelekwa kwa matroni kunywa kijiko cha mafuta ya nyonyo, na kijiko chenyewe ni kile cha kupakulia, si cha chai. Kwa hiyo bweni lina desturi tuliyoirithi kwa waliotutangulia: aliyefunga choo anavua bangili, anampa mwenzake, anamwambia, "Nisaidie tumbo," na mwenzake anaingia mara mbili. Mashine inasoma bangili, haisomi makalio. Mimi mwenyewe niliwahi kumvisha bangili yangu mbuzi wa Mkuu wa Shule, na maabara ikanipongeza kwa kupenda mboga za majani.

Ila mbuzi ni mnyama wa msimu. Mfadhili wangu wa kudumu alikuwa Lwitiko, aliyelala kitanda cha chini yangu. Lwitiko hakuwahi kushindwa.

"Tumbo lako halina msimamo," nilimwambia siku moja akitoka kunitolea mavuno. "Likiambiwa tu, linatii."

"La kwako lina msimamo mpaka limekuwa jiwe," akanijibu, akanirushia bangili yangu. "Osha hiyo."

Alitembea kwa kuvuta mguu. Mwaka uliopita alivunjika muundi kwenye mechi ya bweni kwa bweni, akafungwa kipande cha chuma kwenye mfupa kwa skrubu. Sisi, kwa huruma tuliyojaliwa, tulimwita Bati.

*

Nilipoitwa ofisini nilijua ni habari ya mbuzi. Nilivaa sare safi, nikachomekea, nikaandaa sura ya mtoto aliyesingiziwa.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo daktari."

"Marahaba, Gwakisa," akasema Mwalimu Kibona, Mkuu wa Shule. "Kaa."

Mwalimu Kibona hajawahi kuniambia nikae. Huwa ananiambia "simama vizuri" au "inama". Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kando yake alikaa Dk. Tusekile, mkuu wa maabara yetu, mama mfupi mwenye koti jeupe na sauti ya chini.

"Mwalimu, kama ni mambo ya mbuzi..."

"Mbuzi gani?"

"Hakuna mbuzi, mwalimu."

Dk. Tusekile hakucheka. "Gwakisa, mama yako alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo."

"Najua, daktari. Alinipigia. Alisema Jumatatu anarudi nyumbani."

"Hajarudi."

Akanieleza taratibu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Waliompasua walinawa, vifaa vilichemshwa, kidonda kilishonwa vizuri kabisa. Kilichompata kilikuwa wodini, kinamsubiri, labda kwenye chuma cha kitanda, labda kwenye mpira wa dripu, labda kwenye mkono wa mtu mwema aliyemgeuza mto. Kidonda kilianza kutoa usaha. Homa ikapanda.

"Ni Sugu?" nikauliza.

"Ni Sugu. Lakini siyo huyu tunayemjua."

Sugu tunamjua kama unavyomjua mjomba mlevi: hajaalikwa, lakini kila mahali yupo. Babu zetu walimeza antibayotiki kwa kila mafua, wakipata nafuu wanaacha dozi nusu, nyingine wanawalisha kuku ili wanenepe. Bakteria waliosalia kila mara ndio waliokwishajifunza. Wakajifunza dawa moja baada ya nyingine, mpaka siku moja madaktari wakafungua kabati na kukuta kila kilichomo kinafaa kuwa mapambo. Sisi wa Mwanjeka tunambeba Sugu tumboni bila kuugua. Tuligunduliwa kwa vipimo tukiwa shule ya msingi, tukatengwa na wagonjwa, na wazazi wetu tunawaona kwenye skrini au nyuma ya kioo. Tungekuwa tumetupwa tu, kama isingekuwa jambo moja: mahali anapoishi Sugu, anaishi pia adui yake. Ni virusi vidogo mno vinavyokula bakteria na kumwacha mtu salama. Kitabuni vinaitwa bakteriofaji. Sisi tunaviita wawindaji. Vinachujwa kutoka kwenye mavuno yetu, vinasafishwa, vinapelekwa hospitali, vinadondoshwa kwenye vidonda vya watu. Ndiyo maana ya bango lile lenye rangi za bendera.

Dk. Tusekile akaweka mezani kisahani cha kioo. Ndani kulikuwa na utando mzito kama uji uliolala.

"Huyu ni Sugu wa wodi ya mama yako. Nimemdondoshea wawindaji wa kila mwanafunzi wa shule hii. Angalia."

Niliangalia. Uji mtupu. Kisha nikaona, pembeni, kidoa kisichofikia hata punje ya dengu, mahali ambapo uji ulikuwa umekonda kidogo.

"Hawa karibu wamuweze," akasema. "Karibu. Ni wa mavuno ya wiki ya mitihani. Bangili yako."

Nikajisikia nimekuwa mrefu ghafla.

"Sasa tunahitaji wajifunze. Mwindaji hubadilika akimfuata anayemwinda, lakini lazima wakae pamoja. Kwenye chupa tumejaribu. Mwindaji aliyefunzwa chupani akiingia mwilini anapotea kama mtu wa mjini aliyetupwa porini. Inabidi wafunzwe palepale wanapoishi."

"Kwa hiyo nimmeze huyu Sugu mpya?"

"Kikombe kimoja. Wewe ni mzima, huna kidonda, utumbo wako utamudu. Ila siwezi kukuahidi kwamba baada ya hapo utasafishika. Wenzako wakitolewa Sugu tumboni likizo hii na kurudi nyumbani kama ilivyopangwa, wewe huenda usirudi."

"Na nisipomeza?"

Dk. Tusekile akamtazama Mwalimu Kibona. Mwalimu Kibona akaitazama meza.

"Daktari," nikasema, "nipe hata ndoo."

"Kesho asubuhi," akajibu. "Bakteria lazima waandaliwe."

*

Lwitiko alikuwa zamu ya jikoni, amekaa kwenye gogo nje ya jiko akichambua maharage kwenye ungo. Nilimsimulia yote. Habari ya mama niliisema haraka haraka, kisha nikakimbilia kwenye utani, maana huko ndiko ninakojua njia.

"Kwa hiyo kuanzia leo tumbo hili limepanda cheo. Ukilipita unapiga saluti. Ukinikuta nimelala, unalisalimia peke yake."

Hakucheka. Alitupa jiwe dogo, akatupa harage bovu.

"Umesema wiki ya mitihani?"

"Ndiyo."

"Wiki ya mitihani hukwenda chooni, Gwakisa."

Alikuwa anasema kweli. Hesabu na makande vilikuwa vimenifunga kama gunia la mkaa. Bangili yangu ilikaa mkononi mwake wiki nzima.

"Wale ni wa kwangu," akasema.

Kuku wa jikoni akaja kudonoa maharage mabovu. Tulimtazama sote wawili kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na jambo la kusema.

"Wamesema anayemeza awe mtu wa namna gani?" akauliza.

"Mzima. Asiye na kidonda."

"Na chuma?"

"Chuma hawakusema."

"Hawakusema kwa sababu wewe huna." Akanyoosha mguu mbovu, akapandisha suruali. "Aliyenifunga alinieleza. Huyu wa kawaida tumbo langu limeshamzoea. Lakini akiingia mgeni, akapenya hata kidogo kwenye damu, anakwenda moja kwa moja kwenye chuma. Anajijengea utando, anajifunika humo kama mtu na blanketi. Dawa haimfikii. Hata wawindaji hawamfikii. Unajua wanachofanya hapo?" Akachukua harage moja, akaliweka juu ya goti. "Wanakata hapa."

"Bati..."

"Usiniite Bati leo."

Nilifikiria mama, namna anavyosonga ugali huku amekunja uso kana kwamba unga umemkosea. Nilifikiria Jumatatu iliyopita.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi? Ni mama yako."

"Ukienda wewe mwenyewe..."

"Nimekwambia naweza?" Sauti ilimpanda, kuku akaruka pembeni. "Sijui kama naweza. Naogopa, bwana. Baba ameshasema likizo tunakwenda wote kukamua, nitamshika ng'ombe kwa mikono yangu, siyo kumpungia kwenye skrini. Nipe mpaka kesho asubuhi nifikirie. Ila usinitaje. Kibona akishajua haombi tena. Anasaini."

Ni kweli. Kwa sheria sisi ni watoto wa shule, na mzazi wa shule ni Mwalimu Kibona. Kalamu yake inatosha.

"Sitakutaja. Naapa..."

"Usiape. Wewe ukiapa huwa ni mzaha."

"Sitakutaja," nikasema tu.

Akaliondoa harage gotini, akalirudisha kwenye ungo pamoja na yale mazuri.

*

Asubuhi kikombe kilikuwa mezani, cha plastiki, kimefunikwa kwa karatasi nyembamba. Niliingia nimeazimia kukinywa. Nilijiambia kwamba mimi na Lwitiko tumeogea ndoo moja, tumekula sahani moja, pengine mwindaji mmoja mwenye miguu mirefu alishahamia kwangu. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wote wa kisayansi.

Sikutegemea skrini. Walikuwa wameiwasha ukutani, na mama alikuwa humo, amelala ubavu, kitambaa kimemteleza kichwani, uso unang'aa kwa jasho.

"Gwakisa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umechomekea? Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Midomo imekukauka." Akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa ananitazama mimi tena, alitazama juu yangu, pembeni. "Anua nguo, Gwakisa. Mvua hiyo inakuja. Anua nguo za watu."

Nyuma yake, dirishani, jua lilikuwa linawaka.

"Sawa mama," nikasema. "Naanua."

Dk. Tusekile akasogea karibu. "Kabla hujanywa lazima nikuulize, Gwakisa, na unijibu kama mtu mzima. Ukimeza na wawindaji hawa wasiwe wa tumbo lako, tutasubiri mavuno yasiyokuja. Mama yako hana muda wa kusubiri mara mbili. Mavuno ya wiki ya mitihani ni ya kwako?"

Niliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Nilihesabu pumzi, nikaacha, nikautazama tena. Hakuna aliyebisha hodi. Nilijiambia: amefikiria, ameona hawezi, na ana haki. Nilijiambia: kunywa tu, mjinga wewe, kunywa. Mkono ulishafika kwenye kikombe.

"Anua," mama akasema kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Zinalowa."

"Siyo ya kwangu," nikasema. "Ni ya Lwitiko."

Mwalimu Kibona hakuuliza imekuwaje. Alimtuma kiranja aliyekuwa nje, na kiranja akarudi mapema kuliko nilivyotarajia, mapema kuliko mtu mwenye mguu mbovu anavyoweza kufika kutoka bwenini. Lwitiko aliingia nyuma yake. Alikuwa amevaa sweta, na viatu vya shule vilivyofungwa kamba. Siku zote anavaa ndala, kwa sababu ya kifundo kilichokakamaa tangu avunjike.

Alinitazama mara moja tu.

"Nimetajwa?" akauliza.

Nikaondoa mkono kwenye kikombe.

"Mwalimu," Dk. Tusekile akasema, "huyu ana chuma mguuni."

"Kuna mwanafunzi mwingine mwenye wawindaji hawa?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hapana."

"Basi." Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Mwalimu Kibona. Nitamtendea haki: aliisoma karatasi mara mbili. Lakini alisaini.

Lwitiko akasogea mbele ya skrini, akainama kidogo. "Shikamoo mama."

Mama akajitahidi kumwona. "Marahaba mwanangu. Wewe ni nani?"

"Rafiki yake Gwakisa."

"Huyo amekula?"

"Hajala, mama. Anadanganya."

Kisha akatoa karatasi juu ya kikombe, akanywa chote bila kupumzika, akaomba maji ya kusukutua.

*

Mavuno yalikuja. Kwenye kisahani cha Dk. Tusekile kidoa cha dengu kikawa sarafu, sarafu ikawa kisahani kizima, safi kama maji. Gari la hospitali likaja kuchukua vichupa. Kabla ya wiki kwisha mama alikuwa amekaa kitandani akimgombeza nesi kwa kumletea uji usio na ndimu, na wagonjwa wengine wa wodi ile, ambao hatujui hata majina yao, wakaanza kushuka homa mmoja mmoja.

Mwalimu Kibona alinisimamisha mstarini mbele ya shule nzima.

"Wanafunzi, huyu mnamjua."

Wakacheka. Wananijua.

"Kwa miaka yote aliyokaa hapa, huyu hajawahi kusema neno la kweli ofisini kwangu. Wiki hii amelisema. Na neno lile moja limeokoa wodi nzima. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Walipiga makofi ya kilo, halafu ya bati, yale ya mvua juu ya paa. Kila mwaka huwa naota kupigiwa makofi hayo. Nilisimama katikati yake nikitafuta mahali pa kuweka mikono.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye chumba cha kioo cha kutengea wagonjwa. Lwitiko alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito, umefunikwa kwa shuka jepesi kuanzia pajani. Ukutani kuna kipaza sauti kidogo cha kuzungumzia.

"Mama yako?" akauliza bila kugeuka.

"Anagombeza watu."

"Basi amepona."

"Amesema nikwambie asante. Amesema ukisafishwa uje, atakuchinjia jogoo."

"Nikisafishwa," akasema.

"Mguu?"

"Una joto."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu mstarini, yenye mwanzo, kati na mwisho, kama insha. Yote yakatoroka.

"Nisamehe," nikasema.

Alivuta pindo la shuka, akalinyoosha.

"Kiranja alinikuta kwenye ngazi za ofisi," akasema. "Hakukwambia?"

"Hapana."

"Nilikuwa ngazi ya pili kutoka juu. Viatu vilinichelewesha, kifundo hakitaki kuingia. Nikajiambia siwezi kwenda kufanya jambo kama lile na ndala." Akageuza uso, akanitazama kupitia kioo. "Nilikuwa naleta mwenyewe, Gwakisa. Mkachukua."

Sijui kama ni kweli. Huenda alikuwa njiani kuja kusema ndiyo. Huenda alikuwa njiani kuja kunisihi. Huenda ameitunga hadithi hiyo humo ndani, peke yake na joto la mguu, ili awe na kitu kilicho chake. Nilimwangalia nikitafuta dalili, mimi ninayewajua waongo wote wa shule kwa kunusa, sikuona kitu.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akaingia Dk. Tusekile akiwa na barakoa na glavu. Alifunua shuka. Hufanya hivyo kila siku: anapapasa mguu kutafuta mahali uvimbe unapoishia, kisha anachora mstari wa wino kwenye ngozi. Siku ya kwanza alichora juu kidogo ya kifundo. Jana alichora katikati ya muundi. Leo alipapasa muda mrefu kuliko jana, akachora, akafunika kalamu, akatoka bila kuniangalia.

Lwitiko alijaribu kuinua kichwa. Mito ilikuwa imerundikwa juu mno, asingeweza kuona ng'ambo ya goti lake.

"Wewe unaona vizuri kutoka huko," akasema. "Mstari wa leo uko wapi?"

Niliutazama. Wino ulikuwa bado mbichi, unameta.

"Palepale pa jana," nikasema.

Akarudisha kichwa kwenye mto. Midomo ikamcheza, karibu acheke.

"Siku hizi unadanganya vibaya," akasema.